Siku moja Lamu: mgeni amepiga hodi, mbona haingii?

Saa kumi na mbili asubuhi. Punda wa jirani ndiye saa yangu ya kengele, na hajui Jumapili. Kabla ya chai natazama takwimu za tovuti ya nyumba moja ya wageni huko Shela, kijiji jirani na mji wa Lamu, tovuti niliyoitengeneza mwenyewe. Hadithi ni ileile: watu wanaingia, wanatazama picha, wakifika kwenye ukurasa wa kuweka nafasi wanatoka. Mwenye nyumba analo neno lake: "Wapiga hodi kisha waenda zao, mwanangu."

Saa mbili. Mahamri na mbaazi mkono mmoja, mkono wa pili simu ya bei rahisi niliyoinunua kwa kazi hii tu. Nimezima waifai, natumia bando. (Sisi watengenezaji hujaribu kazi zetu kwa kompyuta kubwa na intaneti ya kasi. Hapo tovuti gani itakuwa mbaya?) Nahesabu polepole, na picha ya kwanza inatokea nikiwa nimefika kumi na moja. Google wanashauri kile kitu kikubwa cha mwanzo kionekane ndani ya sekunde 2.5. Picha yenyewe ni bahari ilivyopigwa kutoka darini, imetolewa kwenye kamera ikapandishwa vivyo hivyo, megabaiti 7. Naipunguza upana hadi pikseli 1,600 na kuigeuza iwe WebP, aina ya faili nyepesi ya picha, inabaki chini ya kilobaiti 200, na jicho halioni tofauti. Halafu nafuta nyingine nne zilizokuwa zikipishana hapo juu. Kosa hilo ni langu: mwenye nyumba alizipenda, nami nilitaka kulipwa.

Saa nne. Maji yamekupwa, nikaenda Shela kwa miguu, ufuoni, nauli ya boti ikabaki mfukoni. Mwenye nyumba kanipokea dakani, pale kibarazani mlangoni, kwa kahawa. Leo sikuja kumweleza kitu. Nimekuja kumtazama mpwa wake, msichana wa chuo aliyetoka Mombasa, akijaribu kuweka nafasi ya siku mbili kama mgeni yeyote, nami kazi yangu ni kunyamaza. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia tovuti, aliandika tangu mwaka 2000 kwamba ukijaribu na watu watano tu utayaona matatizo mengi. Mimi kwa huyu mmoja nilishatoka jasho.

Kidole gumba chake kilianza kutafuta bei. Akafungua "Vyumba", hakuna. "Kuhusu Sisi", hakuna. Akarudi mwanzo, akashuka hadi chini kabisa, akapanda tena. Bei ilikuwa imefichwa nyuma ya fomu yenye masanduku kumi na moja, namba ya pasipoti mojawapo. Akajaza, midomo imekaza. Alipogusa tarehe, kalenda ikafunguka ikafunika kitufe cha kuendelea. Akabonyeza mara tatu, kimya. Akagusa alama ya kufunga, na yote aliyojaza yakafutika. Akaniinulia macho. "Kaka, si nipige simu tu?"

Mpwa wa mwenye nyumba anaweza kupiga simu. Mtu aliye Ufaransa usiku wa manane atafungua nyumba nyingine.

Tukabishana juu ya bei, na hapo ndipo asubuhi ilipoishia. "Bei haitangazwi," akasema mama mwenye nyumba. "Mgeni huja tukazungumza. Na jirani akiiona kesho atashusha yake." Hofu hiyo naielewa, ila mgeni asiyeona bei hudhani ni kubwa kuliko mfuko wake. Nikamwonyesha baraza za mawe tulizokalia. Mgeni huketi hapa dakani kwanza, nikamwambia, akanywa kahawa, hata kiwandani, ua wa ndani, hajafika. Wewe humwulizi pasipoti mlangoni. Akacheka. "Wanishinda kwa nyumba yangu mwenyewe!" Akakubali tuandike bei ya kuanzia, moja ya msimu wa kusi na moja ya kaskazi.

Saa saba. Swala, wali, usingizi kidogo.

Saa tisa. Umeme umekatika, nafanya kazi kwa chaji iliyobaki. Fomu imebaki na masanduku manne: jina, tarehe, idadi ya watu, namba ya simu. Pasipoti itaulizwa mgeni akifika, na hata Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019 haitaki ukusanye usichokihitaji. Maandishi ya kitufe yalikuwa ya kijivu juu ya mchanga mweupe, nikayatia weusi yasomeke juani, maana wageni wengine wanatafuta chumba wakiwa tayari wako ufuoni. Neno "Wasilisha" nimeliondoa, nikaandika "Uliza kama kuna nafasi". Mtu huogopa kuwasilisha, kuuliza haogopi.

Saa kumi na moja. Gatini nahodha mmoja kanisimamisha, naye ataka tovuti ya safari za jahazi. Nikamwuliza ujumbe wa WhatsApp huujibu baada ya muda gani. "Nikirudi baharini. Siku mbili, tatu." Nikamwambia atafute kwanza kijana wa kujibu, pesa zake aziweke. Mke wangu akisoma hapa nitaulizwa.

Saa mbili usiku. Umeme umerudi, kazi imepanda hewani, nikamtumia mwenye nyumba kiungo. Dakika kumi baadaye akapiga.

"Mwanangu, hii tarehe 04/05, ni ya Aprili au Mei?"

"Mei, mama. Tarehe nne Mei."

"Basi yule Mmarekani wa mwaka juzi alikuwa na haki. Aliandika hivi hivi, akafika tarehe tano Aprili na mizigo yake, nami nyumba imejaa. Nililala kwa dada yangu siku sita."

Nikafungua tena kompyuta, nikaanza kuandika miezi kwa herufi.