Kabla ya kuuza kiwanja cha Nzuguni

Mdogo wangu amemaliza kidato cha sita, mchepuo wa PCM, yaani fizikia, kemia na hisabati. Tangu utotoni, ndege ikishuka uwanja wa Dodoma yeye alikuwa anaacha sahani ya ugali na kukimbilia nje. Kwa hiyo alipomwonyesha baba tangazo la shule moja ya urubani huko Marekani, baba hakuuliza mengi. Akanipigia simu nikiwa kazini Mtumba: "Tafuta mteja wa kile kiwanja cha Nzuguni. Mtoto aende."

Tangazo lilikuwa na kijana mwenye shati jeupe na mistari mabegani, na maneno yanayosema kwamba unaanza hujui kitu na ndani ya mwaka mmoja uko njiani kuwa rubani wa shirika la ndege la kanda, yaani lile la safari fupi za huko huko Marekani. Marubani wamepungua, mashirika yanawagombania, shule ina makubaliano nayo. Nilimwomba baba wiki mbili. Mimi ni mhasibu, nimezoea kuuliza kila namba imetoka wapi.

Namba ya kwanza ilikuwa saa za kuruka. Kozi ile inaishia kwenye leseni ya urubani wa biashara, yaani kama saa 250. Lakini Marekani, tangu mwaka 2013, hata rubani msaidizi wa shirika la abiria lazima kwa kawaida awe na saa 1,500. Sheria hiyo ilizaliwa na ajali ya Februari 2009 karibu na Buffalo, ndege ya shirika la kanda ilipoanguka na watu 50 wakafa. Aliyesoma digrii ya urubani kwenye chuo kilichoidhinishwa anaweza kupunguziwa hadi 1,000, ila shule yetu haikuwa chuo cha namna hiyo. Basi kati ya cheti na kazi kulikuwa na saa 1,250 ambazo tangazo halikuzigusa kabisa.

Wamarekani wengi huzijaza kwa kufundisha wanafunzi wapya. Nikafuatilia: je, kijana wa Dodoma anaweza? Hapo ndipo roho iliniuma. Viza ya mafunzo ya ufundi, ambayo shule ile ingemwombea, inaruhusu mazoezi ya kazi kwa mwezi 1 kwa kila miezi 4 ya masomo, na hayazidi miezi 6. Baada ya hapo anarudi. Kwa hiyo habari ya marubani kupungua ilikuwa ya kweli, lakini ilimhusu mtu mwenye haki ya kufanya kazi kule.

Na akirudi, leseni ya kigeni haimwingizi moja kwa moja kwenye ndege iliyosajiliwa Tanzania. Lazima apite kwanza Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA.

Niliwaandikia shule. Wanajibu vizuri, kwa adabu, ila nilipouliza makubaliano yao na mashirika yanampa mwanafunzi nini hasa, jibu likawa: nafasi ya kufanyiwa usaili, akishatimiza masharti. Mkataba wenyewe, kwa maandishi madogo, ulisema shule haiahidi ajira. Bei nayo ilipigwa kwa saa za chini kabisa zinazokubalika kisheria, kama vile saa 40 kwa leseni ya kwanza, ambazo wanafunzi wengi huzipita. Nyumba, chakula na ada za watahini havikuwemo. Tena walitaka fedha nyingi mwanzoni. Februari 2008 shule ya Silver State Helicopters ya Nevada ilifunga ghafla, na wanafunzi waliokuwa wametanguliza ada wakaachwa na mikopo mikononi. Hilo nilimsomea baba mara mbili.

Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa hiyo unamkatalia mwenzio?"

Simkatalii. Ninataka arushe ndege kuliko anavyodhani. Tulikubaliana aanze na uchunguzi wa afya wa daraja la kwanza Dar es Salaam kabla shilingi yoyote ya ada haijatoka, kwa sababu bila cheti cha afya cha daraja hilo hakuna urubani wa kulipwa. Amefaulu, macho na masikio. Sasa tunatafuta shule inayopokea ada kwa hatua, ambayo leseni yake TCAA wametueleza taratibu za kuibadilisha, na mdogo wangu mwenyewe ndiye anayeandika barua za maswali. Kiwanja bado kipo, baba amekizungushia michongoma.