Kumbukumbu ya mradi wangu: kuigiza kompyuta ya kwanta kwenye laptopu

Siku ya 1

Nimeanza. Nataka programu ndogo inayoigiza kompyuta ya kwanta, niiandike mwenyewe tangu mstari wa kwanza. Nimechoka kusoma kwamba mashine hizi "hujaribu majibu yote kwa mpigo". Nataka nione zinachofanya.

Kiini chake si kigumu. Kyubiti ni biti ya kwanta, inayoweza kuchanganya 0 na 1. Kyubiti n zinahitaji orodha ya namba changamano 2ⁿ, moja kwa kila jibu linalowezekana. Namba hiyo huitwa amplitudo. Ukubwa wake ukiuzidisha kwa wenyewe unapata uwezekano wa kuliona jibu hilo utakapopima. Lango la Hadamard, yaani hatua inayoigeuza kyubiti yenye 0 kuwa mchanganyiko sawa wa 0 na 1, limenishinda mara moja tu: nilisahau kugawa kwa kipeuo cha pili cha 2, jumla ya uwezekano ikawa 2 badala ya 1. Afadhali kosa linalojitangaza lenyewe.

Siku ya 4

Kumbukumbu ya laptopu imejaa. Kila namba changamano inakula baiti 16, kwa hiyo kyubiti 26 ni gigabaiti 1, 27 ni 2, 28 ni 4. Nina gigabaiti 8 kwa jumla. Nilipoomba kyubiti 29 skrini iliganda, ikabidi nizime kwa kitufe. Hicho ndicho alichokuwa akikisema mwanafizikia Richard Feynman mwaka 1981: kuigiza maumbile ya kwanta kwa kompyuta ya kawaida kunakuwa kukubwa mno haraka mno, basi tujenge mashine inayofuata kanuni zilezile. Nilikuwa nayasoma maneno hayo kama falsafa. Sasa nimeyaona kwa gigabaiti.

Siku ya 9

Algoridhimu ya Lov Grover ya mwaka 1996, ya kutafuta kitu kimoja katika rundo lisilo na mpangilio. Kwanza nimeifanya kwa kalamu, vitu 4. Kila kimoja kinaanza na amplitudo 0.5. Unageuza alama ya kile unachokitafuta: kinakuwa -0.5. Wastani sasa ni 0.25. Kisha kila amplitudo unaipindua kwenye upande wa pili wa wastani: vitatu vinaangukia 0, kimoja kinapanda hadi 1. Hatua moja, jibu lina uhakika kamili! Nimeirudia mara tatu kwa raha tu.

Hapo hakuna aliyejaribu majibu yote. Yale mabaya yamefutana.

Siku ya 11

Siku mbili zimepotea. Kwa vitu 1,024, hatua 25 zilinipa uwezekano wa 0.9995. Nikasema, ngoja niongeze, zikawa 50: 0.0002. Chini hata ya kubahatisha! Nilipekua msimbo wote, nikaandika upya sehemu ya wastani, wapi. Kumbe msimbo ulikuwa sahihi. Orodha nzima ya amplitudo ni kama mshale unaoelekea kwenye jibu. Kila hatua inauzungusha kwa pembe ileile, na mshale haujui kwamba umefika; usipousimamisha unapitiliza na kurudi ulikotoka. Jikoni pia chakula hakizidi kuiva kwa kusahauliwa motoni.

Siku ya 13

Nilidhani mtu mwerevu angeweza kupunguza hizo hatua. Haiwezekani. Bennett, Bernstein, Brassard na Vazirani walithibitisha, katika makala ya mwaka 1997, kwamba kwa rundo lisilo na mpangilio hata kompyuta ya kwanta haishuki chini ya kiwango cha kipeuo cha pili cha idadi ya vitu. Chukua fumbo lenye swichi 100 za ndiyo au hapana. Majibu ni 2¹⁰⁰. Grover anayashusha hadi kama 2⁵⁰, yaani zaidi ya hatua trilioni 1,000. Kwa hatua milioni moja kila sekunde, hiyo ni miaka zaidi ya 35.

Peter Shor (1994), aliyetafuta namba zinazozidishwa kuunda namba kubwa, alipata faida kubwa zaidi kwa sababu swali lake lina mdundo ndani yake. Zidisha 7 tena na tena, ugawe kwa 15, uandike masalio: 7, 4, 13, 1, kisha 7 tena. Mdundo ni 4, na kutoka hapo unazipata 3 na 5, zinazozidishwa kuwa 15. Fumbo la swichi halijaonyesha mdundo wa namna hiyo, na kwa mafumbo magumu ya aina hiyo hakuna algoridhimu ya haraka ya kwanta inayojulikana.

Siku ya 16

Nimerudi kwenye tatizo la kumbukumbu ya laptopu. Badala ya kuhifadhi orodha nzima, najumlisha njia za kulifikia jibu, moja moja: kila Hadamard inagawanya njia mara mbili, naifuata hadi mwisho, naongeza mchango wake, naisahau. Kyubiti 40 sasa zinakaa bila shida. Bili imehamia kwenye muda. Programu inapita njia kama milioni mbili kwa sekunde: saketi (mfululizo wa malango) yenye Hadamard 24 imekwisha kwa sekunde 8, yenye 40 inataka siku 6 na zaidi. Nimeiwasha jana hata hivyo. Kaunta inasoma asilimia 11, na feni haijanyamaza.