Kuvu haina mdomo, lakini gogo imelimaliza

Leo nimelipiga shoka gogo lililolala nje muda mrefu, nikitaka kuni.

Shoka likazama tu. Mti ukameguka mkononi, laini, umelowa, unanukia udongo.

Nikabandua ganda. Jamani! Chini yake nyuzi nyeupe, nyembamba kuliko uzi wa kushonea, zimetambaa na kugawanyika kila upande. Nikavuta moja, ikakatika hata sikuhisi.

Hizo nyuzi ndiyo kuvu yenyewe. Uyoga tunaouona juu ni sehemu ya kuzaliana tu, ya kutawanya vijimbegu.

Na inavyokula sasa! Haina mdomo wala tumbo. Inamwaga vimeng'enya nje ya mwili wake, vinauvunjavunja mti palepale, halafu inafyonza kilicholainika. Yaani chakula kinameng'enywa kabla hakijaingia ndani. (Jongoo na mchwa nao walikuwepo, wanajipakulia.)

Hii yangu angalau inakula mfu. Zipo zinazopenya mti ulio hai kupitia jeraha, zinauozesha moyo wake huku majani bado mabichi. Hizo ndizo zinanitisha.

Nani ameshakuta mti wa kijani, ndani mtupu? Tupieni picha.