Homoni ya mizizi kwenye pingili za miti ya matunda

Mkulima wa zabibu wa Hombolo au Mpunguzi, hapa Dodoma, hahitaji kushawishiwa kwamba kijiti kisicho na mizizi huweza kuwa mmea kamili, kwa kuwa pingili za shamba lake hutokana na matawi yaliyokatwa wakati wa kupogoa. Homoni ya mizizi, ambayo wapo wanaoiona kama dawa ya miujiza, huongeza tu nguvu ya jambo ambalo tawi hulifanya lenyewe.

Homoni hiyo ni oksini. Huzalishwa zaidi kwenye ncha za matawi na majani machanga, kisha hushuka. Tawi likikatwa, oksini hurundikana penye kidonda, na baadhi ya seli zilizo jirani na mishipa ya kupitishia chakula huacha kazi yake ya awali, zikaanza kugawanyika hadi zikaunda chimbuko la mzizi. Ndiyo maana pingili iliyopandwa kichwa chini hutaabika: oksini yake huendelea kuelekea kwenye kitako, ambacho sasa kiko hewani.

Oksini ya asili huharibika upesi, kwa hiyo unga wa homoni wa madukani mara nyingi huwa na IBA (asidi ya indole-butiriki), aina ya oksini ambayo hudumu zaidi. Anayetumia kimiminika cha kuchovya kwa sekunde chache huhitaji takriban miligramu 1,000 hadi 3,000 kwa lita kwa pingili zilizoanza kukomaa. Kuzidisha ni hasara, kwani kitako huungua na macho ya pingili, yanakochipukia majani, hudumaa. Tusisahau kwamba 2,4-D, dawa ya kuua magugu, nayo ni oksini.

Mzabibu na mkomamanga hutoa mizizi bila msaada huo. Mpera ni mkaidi zaidi, ingawa ncha zake changa zenye majani huitikia IBA. Mwembe ni mgumu kiasi kwamba ni heri kuubebesha, yaani kuunganisha tawi lake, juu ya mche wa mbegu.

Hapa Dodoma, hata hivyo, adui mkubwa ni upepo mkavu wa kiangazi, ambao hunyausha majani ya pingili wiki kadhaa kabla mzizi haujatokea. Mwenye fedha kidogo, kwa maoni yangu, anunue kwanza nailoni ya kufunikia kitalu na aweke kivuli, ndipo afikirie unga. Akiupata, achovye sentimita moja au mbili za kitako, akung'ute uliozidi, na atoboe shimo kwanza kwa kijiti, maana pingili ikisukumwa moja kwa moja mchangani, unga wote hukwanguka na kubaki juu.