Fangasi za miguu JKT, nilivyozimaliza

Mdogo wangu kapangiwa JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) mwaka huu, sasa naandika hii kwa ajili yake na kuruta wengine wanaojiandaa. Mimi nilienda kwa mujibu wa sheria baada ya fom siksi na jamani, kwata nilizoea, mchakamchaka nikazoea, ila fangasi za miguu zilinitesa sana.

Zilianzia kati ya kidole cha mwisho na cha jirani yake. Ngozi ikawa nyeupe, imelainika kama ya mtu aliyefua kutwa nzima, ukiigusa inabanduka na chini kunabaki kidonda chekundu. Usiku inawasha mpaka unakuna na soksi. Na sikuwa peke yangu, hanga zima, yaani bweni letu, ukivua buti harufu ndo ile ile. Wala sio uchafu, watu walikuwa wanaoga, tatizo unaoga fasta unavaa soksi mguu haujakauka, buti linabana kuanzia alfajiri mpaka usiku, jasho limejaa humo, halafu bafu moja mnakanyaga wote pekupeku na soksi mnaazimana. Fangasi inataka nini tena? Hata askari wa Marekani kule Vietnam, kwenye mashamba ya mpunga ya delta ya Mekong, magonjwa ya ngozi yaliwatoa wengi kazini.

Kosa langu la kwanza nilipaka tyubu ya rafiki yangu, kumbe ina steroidi, dawa inayotuliza muwasho tu ila haiui fangasi. Muwasho ukapoa siku mbili tatu, alama zikasambaa mpaka juu ya mguu. Ndo nikaenda zahanati, afande tabibu akaangalia akasema, "Kijana, hiyo umeilisha mwenyewe." Akanipa klotrimazo, krimu ya kuua fangasi, nipake asubuhi na usiku wiki 4, na nisiache hata kama imeacha kuwasha. Wiki ya pili haikuwasha kabisa, nikatamani kuacha, nikakumbuka maneno yake nikaendelea.

Ila dawa peke yake isingetosha. Nilikuwa nakausha kila katikati ya kidole na kitambaa changu mwenyewe, bafuni naingia na ndala, soksi nabadilisha mchana zikilowa, usiku buti naliacha wazi lipigwe upepo. Na soksi unavaa kabla ya boksa, maana ukipitisha boksa kwenye mguu wenye fangasi unazipandisha mpaka kwenye mapaja.

Dogo nimemfungashia soksi za pamba pea 6, ndala, na kitambaa cha miguu tu. Kitambaa hicho asimwazime mtu.