Vibanio vya Nguo na Spika ya Inchi 10

Saa 1:30 asubuhi, Ngamiani, Tanga. Nafungua kibanda. Mezani imelala spika ya muziki wa kukodisha, inchi 10. Nagusisha betri ya volti 1.5 kwenye waya zake: karatasi yake ya mbele inaruka. Koili, ule waya uliozungushwa nyuma ya karatasi, iko hai. Kilichokufa ni sponji ya ukingoni, ile inayoshikanisha karatasi na mdomo wa chuma; imekuwa unga unaonata vidoleni. Sponji huoza hata spika isipopigwa, na joto letu hili la pwani na unyevu wake ndiyo huiharakisha.

Saa 2. Kazi chafu. Nabandua mabaki kwa kidole, halafu kwa wembe nilioulaza, halafu kitambaa chenye spiriti kidogo. Ukibakiza punje moja ya gundi kuukuu, sponji mpya inakaa kama mkeka juu ya jiwe. Saa nzima na ushei imeishia hapo, na mteja hataiona.

Saa 3:30. Chai na mihogo. Kijana wangu anayejifunza anauliza, "Fundi, kwa nini tusipige supagluu tukamaliza?" Namwambia ile inakamata papo hapo, hupati nafasi ya kusogeza, na ikikauka ni ngumu kama kioo, wakati ukingo unatakiwa ucheze. Natumia gundi nyeupe ya maseremala.

Saa 4. Feni nazima, sitaki vumbi. Nakata kikofia cha katikati, nachomeka vipande vya karatasi ngumu kati ya koili na chuma cha ndani, pande zote nne, ili koili isiegemee upande ikaja kukwaruza. Sasa gundi. Nina bomba la sindano la duka la dawa, ncha ya sindano nimeikata. Spika iko juu ya sinia. Nazungusha sinia, mkono wa gundi hauendi popote. Hii siri ilinichukua miaka. Zamani nilikuwa nazungusha mkono, na mstari unakuja mwembamba huku, umevimba kule. Unene wa njiti ya kiberiti unatosha, halafu nautandaza kwa brashi ndogo. Gundi ikizidi, karatasi inakuwa nzito na sauti inabadilika. Ikichuruzika hadi kwenye koili, umeua spika uliyokuja kuiponya.

Nalaza sponji, nazungukia kwa ncha ya kidole. Tone lililotoka nje nalifuta kwa kitambaa kibichi kabla halijashika.

Saa 7 mchana mwenye spika huyo hapa.

"Fundi, leo usiku nina harusi Makorora."

"Kaka, kesho."

"Kwani hii siyo Tanga? Waja leo waondoka leo!"

"Watu ndiyo. Gundi haiondoki leo."

Anacheka, lakini si kicheko cha raha. Namwazima spika yangu kuukuu.

Saa 10. Ukingo wa ndani umeshika. Napaka gundi kwenye mdomo wa chuma, nalaza sponji, nabana kwa vibanio vya nguo kuzunguka duara lote. Vipande vya karatasi vinabaki ndani hadi asubuhi. Nikishavitoa ndipo nitaibonyeza kwa vidole vya mikono miwili na kusikiliza kama inakwaruza.

Saa 12:30 jioni, nyumbani. Kanga mbili zimeanguka mchangani chini ya kamba. Mke wangu ananitazama.

"Baba, vibanio vyangu viko wapi?"

Naulizia chakula.