Yuko Sekondari au Yuko Chuo?

Kila nikimpigia simu mamangu kule Malindi huniuliza swali lile lile: mjukuu wake yuko sekondari au yuko chuo? Nami humjibu, yuko kote kuwili. Haridhiki, na simlaumu.

Hapa Minnesota, Marekani, kuna mpango unaoitwa PSEO, ulioanza mwaka 1985 enzi za gavana Rudy Perpich. Mwanafunzi wa darasa la 11 au la 12 anaruhusiwa kwenda kusoma chuoni badala ya shuleni kwake, na kila kozi anayofaulu inahesabiwa mara mbili: inamsaidia kumaliza sekondari, na krediti zake, yaani pointi zinazohesabiwa kufikia digrii, zinamngojea chuoni. Karo inalipwa na jimbo. Vitabu vya lazima pia, ila ni vya kuazima, muhula ukiisha vinarudi. Digrii ya kwanza huwa ni kama krediti 120, kwa hiyo mtoto aliyekaza kamba anaweza kumaliza sekondari akiwa na nusu ya hizo mkononi, na hadaiwi hata senti. Kwa anayejua madeni ya wanafunzi wa nchi hii, hapo hakuna la kuuliza.

Kinachonichekesha ni ule mwaka. 1985 ndiyo Kenya ilipoingia 8-4-4, yaani miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu. Wao huku wanatoboa mlango kati ya sekondari na chuo, sisi kule tunafuta kidato cha tano na cha sita, na maisha ya mtu yanategemea KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari. Ukiugua malaria Novemba, shauri yako.

Mimi ni zao la 8-4-4. Nilifaulu, halafu nikaambiwa ningoje. Vyuo vikuu vya umma vilikuwa havina nafasi, na walioitwa mbele yetu walikuwa bado nyumbani. Nilikaa karibu miaka miwili. Nilifanya pakeji za kompyuta mjini kama vijana wote wa wakati ule, kisha nikapata kibarua cha kufundisha hesabu darasa la nne, shule ya msingi ya jirani. Mwalimu mkuu alinilipa alipopata. Pale ndipo nilipojifunza kusimama mbele ya watu na kusema, jambo ambalo baadaye chuo hakikunifundisha. Lakini sitaisifu ile ngojangoja. Kuna wasichana wa mtaani kwetu waliozwa katikati yake, na barua zao za chuo zilipofika zikawakuta wamebeba watoto.

Binti yangu hakungoja hata siku moja. Ana miaka 16, asubuhi anapanda basi la jiji badala ya lile la manjano, na kwenye kozi ya uandishi anakaa kati ya fundi wa magari aliyerudi kusoma na mama mmoja wa Kongo mwenye wajukuu. Siku walipojuana, yule mama alimsikia akinijibu kwenye simu kwa Kiswahili, akageuka: “Weye uko mutoto ya nani?” Tangu hapo humwekea kiti. Juzi binti yangu alimsaidia kupanga insha yake, naye akamletea sambusa. Shuleni kwake hapati kitu kama hicho. Kule wote ni wa rika moja na wanahangaikia mambo yale yale.

Lililonishinda kumeza ni la alama. Katikati ya muhula nilipiga simu chuoni kuuliza anaendeleaje. Dada aliyepokea alikuwa na adabu zake zote: samahani mama, hilo tunazungumza na mwanafunzi mwenyewe. Nikamwambia mwanafunzi mwenyewe jana nimemkumbusha kuvaa koti. Hakusogea. Kumbe kuna sheria ya shirikisho ya mwaka 1974: ukishasoma chuoni, rekodi zako za chuo ni zako, hata kama hujafika miaka 18. Mimi niliyekulia penye siku ya kufunga shule, baba anasimama uani na ripoti fomu yangu na kuisoma kwa sauti mbele ya majirani, nilibaki nimeshika simu.

Binti yangu aliniambia, “Mama, ungeniuliza tu mimi.” Akanionyesha. Alama nzuri, isipokuwa kemia, C. Na hiyo C haifutiki, itabaki kwenye rekodi yake ya chuo mpaka atakapoomba digrii ya uzamili akiwa mtu mzima. Hili watu hawalisemi wanapoisifu PSEO. Kosa la utoto lilikuwa likibaki utotoni. Pia si kila chuo kinazipokea hizo krediti. Ndani ya vyuo vya umma vya jimbo hazisumbui sana, lakini ukitaka chuo cha binafsi au cha jimbo jingine, uliza kwanza. Wako wanaofuata njia ya AP, kozi za kiwango cha chuo zinazosomwa sekondari, zenye ule mtihani wa Mei wa alama 1 mpaka 5. Mimi nikiuona naiona KCSE imevaa suti.

Mamangu alifanya CPE, mtihani wa zamani wa kumaliza msingi, akiishia darasa la saba. Mimi 8-4-4. Mpwa wangu aliingia Gredi ya 10 Januari 2026, kundi la kwanza la CBC, mtaala uliochukua nafasi ya 8-4-4, kufika sekondari ya juu, na tayari ameshachaguliwa mkondo wa masomo. Mamangu husema kila mtoto anayezaliwa kwetu anakuta shule imebadilishwa jina.

Sasa binti yangu anataka mwaka wake wa mwisho wote auhamishie chuoni. Mimi nasema nusu. Achukue uandishi na takwimu kule, na shuleni abaki na historia na kwaya, maana kwaya ndiyo inayomfanya aimbe jikoni, na kuwa na miaka 17 kuna mwisho wake. Yeye anasema natupa pesa za bure. Kwa hesabu yuko sawa kabisa, nami nimemwambia hivyo. Wilaya ya shule inataka jibu kufikia 30 Mei, na mpaka leo hatujaelewana; jana ametishia kumpigia bibi yake awe mwamuzi.